Andalio la Somo ni Amana

Ifuatayo ni matini kamili ya mazungumzo ya Mkaguzi wa Elimu mbele ya walimu wakuu, walimu wa masomo na wajumbe wa Kamati za Skuli. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wote.



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwalimu analijua, na ambalo kwa sababu hiyo hiyo wengi wetu tumelizoea mno: andalio la somo.

Tarehe 23 Septemba, 1964, Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila ya malipo katika Visiwa vyetu. Mtoto wa mkulima na wa mvuvi wakafunguliwa mlango uliokuwa umefungwa. Lakini mlango wa skuli na mlango wa elimu si mlango mmoja. Mtoto anaweza kuingia darasani kila siku, akakaa, akanakili ubaoni, kisha akarejea nyumbani mtupu kama alivyokuja. Haki yake haikamiliki kwa kupata dawati; inakamilika pale anapotoka katika kipindi akiweza kufanya jambo ambalo asubuhi yake hakuliweza.

Naomba niseme juu ya nafsi yangu kwanza. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipangiwa kufundisha Hisabati, na siku moja somo lilikuwa sehemu. Andalio langu nilikuwa nimelinakili kutoka daftari la mwaka uliopita, nikabadilisha tarehe tu. Katika malengo niliandika: “Wanafunzi waelewe sehemu.” Nikaeleza, nikachora ubaoni, nikauliza, “Mmefahamu?” Darasa zima likaitika, “Ndiyo, Mwalimu!” Kengele ikalia, nami nikaandika mahali pa maoni: “Somo limefahamika vizuri.”

Wiki ya pili nikawapa swali dogo: ipi kubwa, 1/4 au 1/8? Walio wengi waliandika 1/8. Nilipowauliza sababu, mtoto mmoja alisimama kwa adabu akasema, “Mwalimu, nane ni nyingi kuliko nne.” Yule mtoto hakuwa mjinga. Alitumia kanuni ya namba nzima, kwa sababu sikumpa nyengine. Kosa lilikuwa langu, na lilianza jana yake usiku, nilipokuwa nikinakili.

Ndugu walimu, ile “waelewe” ndiyo iliyonidanganya. Kuelewa hakuonekani kwa macho. Lengo linalofaa ni lile ambalo mtu mwengine akiingia darasani anaweza kulishuhudia. Ningeliandika hivi: “Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kulinganisha sehemu mbili zenye kiasi cha 1 na asili tofauti, ataje iliyo kubwa, na aeleze sababu kwa mchoro.” Hapo pana kitendo, pana kiwango, na pana ushahidi.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1949, Ralph Tyler wa Marekani alitaka kila mpangaji wa masomo ajiulize maswali manne: tunakusudia nini, mambo gani yatamfikisha mwanafunzi huko, yapangwe vipi, na tutajuaje kama amefika. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake wakapanga malengo ya akili kwa ngazi, kuanzia kukumbuka hadi kupima na kutoa hukumu. Mihtasari yetu, inayoelekeza umahiri, inasimama juu ya msingi huo huo. Kwa hivyo andalio linaanzia kwenye muhtasari, si kwenye kitabu. Muhtasari ndio unaotaja kiwango anachodaiwa mtoto. Azimio la kazi linakigawa kwa wiki. Andalio linakigawa kwa dakika. Kitabu ni msaidizi.

Sasa tulipange upya somo lile. Baada ya kuandika lengo, mwalimu asikimbilie hatua za kufundisha. Kwanza atunge zoezi la mwisho, yaani maswali mawili au matatu yatakayoonesha kama lengo limefikiwa. Nahodha huijua bandari kabla ya kutweka tanga. Kisha ajiulize: mtoto atakosea wapi? Hapa tunajua tayari, atadhani nane inaizidi nne. Basi somo zima lielekezwe hapo.

Katika kipindi cha dakika 40, dakika 5 za utangulizi mwalimu awaulize: mkate wa kumimina mmoja, ukigaiwa watu wanne, na mwengine kama huo ukigaiwa watu wanane, nani atapata kipande kikubwa? Hakuna mtoto wa Unguja wala Pemba atakayekosa. Dakika 12 za maarifa mapya, kila mtoto akunje karatasi mbili zilizo sawa, moja mafungu manne, moja mafungu manane, apake rangi fungu moja katika kila karatasi, na aziweke pamoja. Hapo ndipo mwalimu aandike 1/4 na 1/8 ubaoni, asitangulize. Dakika 13 wafanye kazi wawili wawili kwa sehemu nyengine, kila mmoja akimweleza mwenzake sababu. Dakika 7 zoezi, kila mtu peke yake. Dakika 3 za mwisho ni za kuhitimisha.

Najua mtasema madarasa yetu yamejaa. Ni kweli. Lakini karatasi chakavu hazina gharama, na mwalimu asiyeweza kusahihisha madaftari yote kabla ya kengele anaweza kutazama kumi, kutoka safu za mbele na za nyuma. Kumi hayo yatamwambia ukweli zaidi kuliko “Ndiyo, Mwalimu” ya darasa zima.

Tena tufanye hesabu ya muda. Mwalimu asiyejiandaa akipoteza dakika 5 tu katika kila kipindi, naye ana vipindi 5 vya somo lake kwa wiki, amepoteza dakika 25. Kwa wiki 40 ni dakika 1,000, sawa na vipindi 25, yaani masomo ya wiki tano nzima. Katika skuli zenye mikondo miwili, ambako wa mchana wanangoja wa asubuhi watoke, muda huo haulipiki.

Kwa kumalizia, nina maombi manne.

Kwanza, kwa walimu: sehemu ya maoni iandikwe kwa ukweli. “Wanafunzi 18 kati ya 45 bado wanachanganya asili na kiasi, nitarejea kesho kwa karatasi” ni maneno yenye faida. “Somo limefahamika” bila ya ushahidi hayamsaidii mtu.

Pili, kwa Walimu Wakuu: kabla ya kutia saini, someni lengo na zoezi la mwisho. Kama havilingani, mrejesheeni mwenyewe kwa upole na mkae naye. Andalio lisiwe karatasi ya kumngojea mkaguzi.

Tatu, kwa sisi wakaguzi na maofisa: tusihesabu madaftari yaliyojazwa, tutazame watoto wanaweza kufanya nini. Wala tusiwaite walimu katika vikao saa za masomo ila kwa dharura.

Nne, kwa wazazi: mtoto akirudi, msimuulize tu, “Leo mmesoma nini?” Muulizeni, “Leo unaweza kufanya nini ambacho jana hukukiweza?” Akikosa jibu siku nyingi, njooni skuli tuzungumze.

Yule mtoto aliyesimama kwa adabu nilimfundisha tena somo lile, naye akalifahamu. Lakini sikupata kujua ni wangapi kabla yake waliondoka na jibu lile lile, bila ya mtu kuwauliza. Mzazi anapotuachia mwanawe mlangoni asubuhi ametupa amana, na amana hupangiwa mahali pake kabla ya kupokewa.