Ruzuku ya TASAF na Kipato cha Uhakika
Kipato cha msingi ni fedha anayolipwa kila mkazi kwa vipindi maalumu, bila masharti. Nchini Tanzania, ulio karibu nacho ni Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza mwaka 2012. Awamu yake ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ililenga vijiji, mitaa na shehia zote, Kasense mkoani Rukwa ikiwemo. Hata hivyo ruzuku ya mpango huo si ya wote: kaya hubainishwa katika mkutano wa hadhara, na sehemu ya malipo hutegemea mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki.

Umaskini wa Ufipa, nyanda za mkoa huo wa Rukwa, una historia. Enzi za Waingereza mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Na nyanda hizi, zilizo mbali na reli, zilitoa vibarua wa mashamba ya mkonge. Pengo la namna hiyo halizibwi kwa ruzuku ndogo.

Mfano wa kipato cha uhakika uko jirani: nchini Kenya, shirika la GiveDirectly limeahidi baadhi ya vijiji malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Matokeo ya utafiti kuhusu malipo hayo, yaliyotolewa 2023, hayakuonyesha wapokeaji kuacha kazi. Baadhi yao walitoka kwenye ajira za kulipwa wakaanzisha biashara zao. Mkulima wa mahindi wa Rukwa anastahili uhakika wa namna hiyo.