Makovu ya Upandikizaji wa Nywele: Marekebisho na Amana





Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo aliyefikwa nalo hulificha chini ya kofia. Wapo wanaume waliopandikizwa nywele ili kuondoa upara, lakini wakabaki na makovu yanayowasumbua kuliko upara wenyewe. Mtu wa namna hii huona haya kuvua kofia mahali pa kutawadhia. Akienda Makka kwa Haji au Umra huuogopa wembe wa kinyozi, kwani kichwa kikinyolewa kovu lote hudhihirika. Basi tueleze makovu haya yanatoka wapi, yanarekebishwa vipi, na ni lipi linalompasa muumini kabla ya kurudi tena mbele ya kisu.

Kwanza tufahamu asili ya kazi hii. Mwaka 1939 daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, alieleza namna ya kupandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele. Mwaka 1952 Dk. Norman Orentreich wa New York aliitumia kazi ya namna hiyo kutibu upara wa wanaume, na mwaka 1959 akachapisha matokeo yake. Alionyesha kwamba nywele za kisogoni, ambazo kwa kawaida hazipukutishwi na upara wa kurithi, huendelea na tabia yake ya asili hata zikihamishiwa utosini. Lakini tuzingatie hili: daktari haumbi unywele mpya, bali huhamisha uliopo. Akiba ya kisogoni ikishatumika haiongezeki. Huu ndio msingi wa yote tutakayoyasema.

Makovu yenyewe ni ya namna kadhaa. Zamani vilihamishwa vipande vya duara vyenye upana wa milimita 4 hivi, na nywele zikaota kwa mafungu kama miche iliyopandwa pamoja katika shimo moja. Baadaye madaktari wakawa wanakata ukanda wa ngozi kisogoni, wakaugawa katika vipandikizi vidogo, kisha wakashona jeraha. Njia hii huacha mstari, ambao huwa mwembamba kazi ikifanywa vizuri, lakini hutanuka ikiwa ukanda uliokatwa ulikuwa mpana mno na ngozi ikashonwa kwa kuvutwa. Njia nyingine, iliyoelezwa katika majarida ya tiba mwaka 2002, ni kutoa kinyweleo kimoja kimoja. Hii haiachi mstari, ila huacha vidoto vingi vidogo; na vinyweleo vikitolewa kupita kiasi, kisogo hubaki na mabaka.

Je, makovu haya yanaweza kurekebishwa? Mara nyingi yanaweza kupunguzwa, lakini anayeahidi kuyafuta kabisa hasemi kweli. Kovu la mstari laweza kukatwa na kushonwa upya, huku ukingo mmoja wa ngozi ukichongwa kidogo ili nywele ziote kupitia katika kovu lenyewe. Sharti lake ni kwamba ngozi ya kichwa iwe bado imelegea. Ikiwa imekaza, kovu jipya litatanuka kama la kwanza. Njia ya pili ni kupandikiza nywele chache ndani ya kovu. Kwa kuwa kovu lina damu kidogo kuliko ngozi nzima, si kila unywele utashika, na daktari mwangalifu hupanda kwa uchache, akangojea matokeo kabla ya kuongeza. Akiba ya kisogoni ikiwa imekwisha, baadhi yao hutumia nywele za ndevu. Nayo yale mafungu ya zamani huweza kutolewa, yakagawanywa, na nywele zake zikapandwa upya kwa mpangilio wa kawaida.

Lipo kovu moja la kuogopwa zaidi, nalo ni lile linalovimba na kuenea nje ya jeraha, liitwalo kiloidi. Watu wenye ngozi nyeusi hulipata kwa wingi zaidi. Kulikata tu ni hatari, kwa sababu huweza kurudi likiwa kubwa zaidi. Madaktari huanza kwa sindano za dawa za kulipunguza. Tena nywele za kipilipili zina mizizi iliyopinda chini ya ngozi, na daktari asiyezizoea huikata mizizi hiyo badala ya kuitoa. Kwa hiyo mtu wetu asitosheke na picha za watu wenye nywele zilizonyooka.

Sasa tutazame upande wa dini. Yapo makatazo ya kubadili umbile la Mwenyezi Mungu kwa ajili ya kujipamba tu, lakini kuondoa dosari si sawa na hayo. Sahaba Arfaja aliyekatwa pua vitani alivaa pua ya fedha. Ilipomletea uvundo, Mtume Mtukufu s.a.w. alimwelekeza avae ya dhahabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha dosari zilizompata mtu baada ya kuzaliwa, na likataja upandikizaji wa nywele zilizopukutika. Liliweka masharti, miongoni mwayo kwamba afanyaye awe mtaalamu anayestahiki na mgonjwa aelezwe madhara yanayotarajiwa. Ama ile njia ya kutia wino katika ngozi ili kovu lisionekane, inagusa katazo la kuchanja chale za rangi. Anayeifikiria awaulize wanazuoni kwanza.

Na kuhusu wembe wa Haji, Qurani Tukufu imetaja wanaonyoa na wanaopunguza pamoja. Kunyoa kuna fadhila zaidi kwa wanaume, kwani Mtume s.a.w. aliwaombea wanyoaji mara tatu na wapunguzaji mara moja. Lakini kupunguza kunatosheleza ibada. Basi asiwepo atakayekopa fedha ili apasuliwe tena kwa kudhani kwamba hija yake haitatimia.

Anayetaka marekebisho angoje kiasi cha mwaka mmoja kovu likomae. Kisha aulize waziwazi: Ni nani atakayeshika kisu, daktari mwenyewe au wasaidizi wake? Imebaki akiba gani kisogoni? Ikiwa haya hayatafaulu, litabaki jambo gani la kufanya? Mtume s.a.w. amefundisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na utaalamu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Basi mganga ana amana, na mgonjwa pia anayo amana ya mwili wake. Anayekimbilia bei nafuu mara ya pili huenda akamaliza akiba ambayo ingemrekebisha.

Na sisi tusio na makovu hayo tunalo letu la kufanya. Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana. Ndugu yetu akivua kofia kutawadha, macho yetu yasimsumbue, wala tusimwulize hadharani kilichompata. Wapo watakaoamua kuishi na makovu yao, na huo pia ni uamuzi wa heshima.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira katika dosari zetu na uaminifu katika kazi zetu. Amin.