Karani wa Shilingi 15 kwa Juma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama jioni, baada ya saa za kazi, katika mwezi wa Desemba.)



Bwana Katibu aliniomba nieleze habari za mtungaji mmoja wa hadithi za Kikristo, hasa zile zisomwazo wakati wa Krismasi, nami nikamchagua Charles Dickens wa Uingereza. Huenda wengine wenu mwauliza mioyoni, Yatuhusu nini maisha ya Mwingereza aliyekufa mwaka 1870? Yatuhusu, kwa kuwa baba yake alikuwa mtumishi wa Serikali, yeye mwenyewe alipata kuwa karani, na hadithi yake ya Krismasi iliyo mashuhuri kupita zote ni habari ya karani na mshahara wake. Ndugu zetu Waislamu wasidhani kwamba nimewasahau. Ajuaye gharama ya kuwavika watoto wanne siku ya Idi ataifahamu hadithi hii upesi kuliko padre.

Baba huyo, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi iliyolipa mishahara ya wanamaji wa Mfalme. Kazi ilikuwa ya heshima. Lakini alikuwa mtu wa kupenda wageni, mwenye maneno mazuri na mkono mwepesi, na nyumbani watoto wengi. Ofisini alishughulika na mishahara ya watu wengine, na hesabu ya nyumba yake mwenyewe ikamshinda. Mwezi wa Februari, 1824, alikamatwa kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate, akatiwa katika gereza la wadeni lililoitwa Marshalsea, huko London. Baadaye mkewe na watoto wadogo wakahamia gerezani kukaa pamoja naye, kama ilivyoruhusiwa siku zile.

Charles ndiyo kwanza ametimiza miaka 12. Alikuwa amekwisha tumwa kuchukua vitabu vya baba yake kwenda kuviuza, na vitabu hivyo ndivyo vilivyomfundisha kupenda hadithi. Sasa alipelekwa katika kiwanda cha dawa ya viatu karibu na mto Thames, afunike vikopo kwa karatasi, afunge uzi, abandike majina, tangu asubuhi hata jioni, kwa shilingi 6 kwa juma. Baba alitoka gerezani baada ya miezi mitatu hivi. Mtoto alibaki kiwandani kwa muda zaidi, na hata alipotolewa, mama yake alitaka arudishwe. Jambo hilo hakulisahau. Aibu yote aliificha karibu maisha yake yote. Alimpa siri rafiki yake, John Forster, na ulimwengu haukuzipata habari hizi mpaka Forster alipoandika maisha ya mwenzake, mwenyewe amekwisha kufa.

Mabwana, nisamehewe nikitia jambo langu hapa. Katika ujana wangu wa ukarani nilikopa nguo za sikukuu, na mchele, na sukari, katika duka moja, kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Januari ikafika, mwenye duka akaja nyumbani na daftari lake. Nilikuwa chumba cha ndani. Nikamtuma mwanangu, mtoto wa miaka saba, aseme kwamba sipo. Akaenda akasema vema, bila kusita, kama mtu aliyezoea. Deni nililimaliza mwezi wa Aprili. Lakini sauti ile ya mtoto, jinsi ilivyotoka bila kutetemeka, ningali naisikia. Ndiyo sababu nisomapo habari za mtoto Charles siwezi kumcheka John Dickens, ingawa watu wengi humcheka.

Tuendelee. Alipokuwa na miaka 15 Charles aliingia ofisi ya wanasheria awe karani, na mshahara wake ukapanda hata kufikia shilingi 15 kwa juma. Kishikeni kiasi hicho, tutakutana nacho tena. Jioni alijifunza hati ya mkato, kazi ambayo baadhi yenu mwaijua uchungu wake, akawa mwandishi wa magazeti, akiandika maneno ya wajumbe wa Bunge. Huko ndiko alikopata ile haraka ya mkono na sikio la kushika kila mtu asemavyo. Hadithi zikafuata, na kabla hajatimiza miaka 30 jina lake lilijulikana katika nyumba nyingi za Uingereza.

Sasa tufike mwaka 1843. Mwaka huo ilitoka taarifa ya Serikali juu ya watoto waliofanya kazi viwandani. Dickens aliisoma, akachomwa. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuandika kijitabu cha kuwasihi watu wa Uingereza kwa ajili ya mtoto wa maskini. Alimwandikia hivyo tabibu mmoja, Southwood Smith. Baada ya siku chache akaghairi. Alimwambia tabibu angoje mpaka mwisho wa mwaka, naye ataona pigo lililo zito kuliko kijitabu chochote. Mwezi wa Septemba alikwenda kuitazama shule moja ya watoto wa njiani, wachafu na wenye njaa, katika sehemu ya London iliyoitwa Field Lane. Mwezi wa Oktoba alisema mbele ya mkutano katika mji wa Manchester juu ya elimu ya wafanya kazi. Akarudi nyumbani akaanza kuandika, na kwa majuma sita hivi hadithi ikawa tayari. Jina lake ni A Christmas Carol.

Msidhani kwamba aliandika kwa raha. Wakati ule ule alikuwa na hadithi nyingine ndefu iliyotoka sehemu sehemu kila mwezi, nayo haikuuzwa vizuri, na wapiga chapa walikuwa wametaja kupunguza malipo yake. Mkewe alikuwa mja mzito wa mtoto wa tano. Baba yake, yule yule, alikuwa angali akikopa kwa jina la mwanawe. Usiku Dickens alitembea katika njia za London maili 15, hata 20, akiiwaza hadithi, akicheka na kulia peke yake. Gharama za kupiga chapa alijitwika mwenyewe, akataka picha za rangi na jalada zuri, na bei isipite shilingi 5. Kitabu kilitoka tarehe 19 Desemba, 1843, na kabla ya Krismasi nakala 6,000 zilikwisha. Naye alipopiga hesabu ya faida, akitumaini pauni 1,000, alikuta kama 230 tu. Mwezi wa Januari watu wengine wakaiiba hadithi na kuiuza kwa bei ndogo. Akawashtaki, akashinda, wale wakafilisika, na gharama za kesi, zipatazo pauni 700, zikamwangukia yeye aliyeshinda. Tangu hapo hakuwa na hamu ya kwenda mahakamani.

Na karani niliyemtaja? Jina lake katika hadithi ni Bob Cratchit. Mshahara wake ni shilingi 15 kwa juma, kiasi kile kile alichopata mtungaji katika ukarani wake. Nyumba yake iko Camden Town, mtaa aliokaa Dickens utotoni kabla ya baba yake kufungwa. Bwana wake, Scrooge, ameweka sanduku la makaa katika chumba chake mwenyewe, hata karani hujaribu kuota moto wa mshumaa. Akipewa siku moja ya Krismasi pamoja na mshahara, bwana husema kwamba anaibiwa, na humwagiza awahi zaidi siku ya pili yake. Nyumbani yuko mtoto kiwete aendaye kwa gongo. Bata bukini wa sikukuu ameokwa katika tanuri ya mwoka mikate, kwa kuwa maskini wa London hawakuwa na jiko la kutosha, na kila mtu mezani humsifu bata ule, na pudini ikiletwa hapana athubutuye kusema kwamba ni ndogo. Mabwana, aliyeandika maneno hayo alikuwa amekula katika nyumba kama hiyo. Angalieni pia jambo moja ambalo sijaona likitajwa mara nyingi: kwa bei ya shilingi 5, Bob Cratchit asingeweza kukinunua kitabu chake mwenyewe ila kwa theluthi ya mshahara wa juma.

Hapa nina ugomvi na mtungaji. Karani anapata nyongeza kwa sababu bwana wake ametokewa na mizuka usiku kucha. Bob hakuandika ombi, hana chama, na asubuhi ile, amechelewa dakika 18 na nusu, neno lake ni kuomba radhi tu. Chama kama chetu hakiwezi kungoja wakubwa waote ndoto mbaya.

Lakini ugomvi wangu hauendi mbali, na sababu yake ni hii. Zamani nilikaa katika kamati iliyotunga ombi la nyongeza. Mwenzetu mmoja alitaka tuandike bei ya unga, na kodi ya chumba, na viatu vya shule vya watoto watatu. Tulimkatalia. Tulisema kwamba ni fedheha kutaja unga mbele ya Serikali, tukaandika badala yake maneno marefu juu ya hali ya maisha kwa jumla. Nami nilikuwa mmoja wa waliokataa. Ombi lilijibiwa kwa mistari miwili. Sisemi kwamba unga ungalitupatia nyongeza. Nasema kwamba aliyesoma ombi letu hakuona nyumba ya mtu ye yote, na asomaye habari za bata yule huiona nyumba ya Cratchit, asiweze kuitoa machoni.

Baada ya kitabu hicho Dickens alitoa vingine vinne vya Krismasi, cha mwisho mwaka 1848, na baadaye akawa na toleo la Krismasi katika magazeti yake mpaka mwaka 1867. Vingine ni vizuri. Vingine, kwa maoni yangu, viliandikwa kwa kuwa Desemba imefika na wasomaji wanangoja. Katika miaka ile ile aliwaandikia watoto wake maisha ya Bwana Yesu kwa maneno mepesi, akakataza yasipigwe chapa, nayo hayakutolewa mpaka 1934. Ni ajabu kidogo, maana katika A Christmas Carol yenyewe mahubiri ni machache mno.

Mwisho wa Desemba, 1853, alikwenda Birmingham kukisoma kitabu hicho kwa sauti mbele ya watu, bila malipo kwake, ili kusaidia shule ya watu wazima. Aliomba usiku mmoja uwe wa wafanya kazi, na kiingilio kiwe peni 6. Wakaja wengi. Wale walioshindwa na bei ya shilingi 5 wakaisikia hadithi yao kwa nusu shilingi, kwa mdomo wa mtungaji mwenyewe.

Nakala yangu nimemwachia Bwana Katibu. Atakayeichukua na aandike jina lake katika daftari, airudishe kabla ya mshahara wa Januari, kwa kuwa wako wengine wanaongoja. Nimekwisha, Bwana Rais.