SPEA ZA REDIO ZINAPATIKANA WAPI?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Klabu ya sayansi imenipa swali moja tu: vifaa vya elektroniki hununuliwa wapi hapa Mwanza? Enzi zetu jibu lilikuwa fupi: hakuna. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na transista ikawa adimu kama sabuni. Duka letu lilikuwa redio iliyokufa. Tulizifumua National zilizounganishwa Dar es Salaam, tukapima kila resista na kuitia katika kopo la maziwa.

Njia hiyo bado inafaa. Anzeni kwa mafundi wa redio na simu pale mjini. Nendeni asubuhi kabla wateja hawajajaa, mpeni fundi shikamoo yake, kisha mwulizeni kama ana mbao za saketi alizokwisha kuzitupa. Halafu piteni kwa wauza vyuma chakavu. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani kitawapa koili, dayodi na kapasita za kuwatosha muhula mzima. Lakini sikilizeni vizuri: kapasita kubwa iliyomo huweza kushika umeme wa volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Ipimeni kwa mita kabla ya kutia kidole.

Kisichopatikana Mwanza huagizwa Kariakoo, kikaja kwa basi kama kifurushi. Wengine huvuka Sirari mpaka Nairobi, mtaa wa Luthuli, ambako maduka ya vifaa hivi yamepangana. Kokote mtakakonunua, jihadharini na bidhaa bandia. Chukueni 2N3055, transista kongwe ya nguvu. Iliyo halisi huhimili ampea 15. Ya bandia ina maandishi yale yale, ila ndani ya kofia yake ya chuma kimebandikwa kipande cha silikoni kidogo mno, nayo huungua mara tu ikipewa kazi. Muuzaji atakuapia kwamba ni halisi, na pengine hata yeye hajui. Mimi hununua mbili kwanza, moja naikata kwa msumeno wa chuma nione tumbo lake. Nikiridhika ndipo nanunua kumi.

Kwa nini nasumbuka hivi? Tazameni ziwani usiku wa giza. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai za mafuta ya taa. Sasa wengi wana taa za LED zenye betri. Taa hiyo ikizimika, mvuvi huambiwa anunue nyingine, kumbe mara nyingi kilichokufa ni transista moja, au waya ulioliwa na unyevu. Kijana wa kidato cha pili aweza kuitengeneza, mradi awe na spea. Mtumbwi usio na taa haurudi na dagaa, na daftari na nauli za baadhi yenu hutoka kwa dagaa hao hao.

Ndugu Mwenyekiti, najua kamati inapendekeza michango ya mwaka huu ijenge lango jipya. Lango ni zuri (nalo litaandikwa majina yetu, hilo nalifahamu). Hata hivyo naomba sehemu ndogo ya fedha hizo inunue kabati la spea, mita tatu, vyuma vya kulehemu na risasi yake. Ufunguo akae nao mwalimu wa fizikia, usifungiwe ofisini.

Mimi nimeleta makopo mawili ya resista, yako nyuma ya meza hii. Zimechanganyika zote. Watakaobaki baada ya chakula tutazichambua kwa rangi: kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000. Zilizobaki mtanisomea ninyi.