Daktari Asiye na Sindano Anatufaa Nini?

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wapenzi wa chama katika mkutano wa tawi. Twayapiga chapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya elimu. Labda mlitazamia tuseme juu ya madawati na paa la shule, maana sisi tumetoka chuo cha ualimu na mambo hayo ndiyo tuliyofundishwa. Lakini leo twataka kusema juu ya elimu iliyo juu kabisa, yaani shahada ya udaktari. Wala si udaktari wa hospitali. Twasema juu ya udaktari wa sheria, wa historia, wa uchumi, wa siasa na wa maisha ya jamii. Mzee mmoja hapo nyuma amekwisha kucheka. Asema, "Daktari asiye na sindano ni daktari gani?" (Kicheko.) Swali hilo ni zuri, na hatutaondoka hapa kabla ya kulijibu.

Kwanza tuseme kwa nini tumelileta jambo hili. Mnamkumbuka yule msichana aliyefika kwetu kabla ya mvua. Alikuja na barua mkononi kutoka chuo kikuu, iliyopita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikapita wilayani, ikafika kwa Mtendaji wetu wa kijiji. Alikuwa akisomea udaktari wa sheria. Alitaka kujua mjane akinyang'anywa shamba huanzia wapi kudai haki yake, na Baraza la Ardhi la Kijiji humsikiliza vipi. Wazee wakamwuliza, "Wewe ni wa ngapi?" Wakamwambia kwamba watatu walimtangulia, wakala ugali wetu, wakajaza madaftari yao, wakaenda zao, na mpaka leo haijarudi hata karatasi moja. Msichana akakosa jibu. Akarudi kwa basi la jioni.

Ndugu zangu, sisi makatibu wa tawi tulikuwapo pale, na tulinyamaza. Twakiri leo kwamba kunyamaza kule kulikuwa kosa. Wazee walikuwa na haki ya kuuliza, tena walisema kweli. Lakini kumfukuza mwenye daftari hakuponyi kitu. Na tujiulize, ni nani aliyepata hasara siku ile? Msichana alipoteza nauli. Mjane je?

Hebu tutazame nyuma kidogo. Kuulizwa maswali si jambo jipya kwetu. Serikali ya kikoloni katika Tanganyika ilikuwa na mtaalamu wake wa mambo ya jamii, Mzungu mmoja mzaliwa wa Austria, jina lake Hans Cory. Bwana huyu alizunguka nchi akikusanya mila. Kitabu cha sheria za mila za Wahaya, alichokiandika pamoja na mwenzake, kilitolewa mwaka 1945. Cha Wasukuma mwaka 1953. Baada ya Uhuru kazi ya kuunganisha sheria za mila iliendelea, na mwaka 1963 ikatolewa Amri ya Sheria za Mila kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Ndani ya amri hiyo imeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Mnaona jambo hilo? Mila ikiwa mdomoni yaweza kupindika. Mzee mwenye huruma humwachia mjane shamba, na ukoo hunyamaza. Lakini mila ikiisha kuandikwa na kupigwa chapa huwa ngumu kama jiwe, na hakimu huisoma kama ilivyo. Kwa hiyo yule anayeuliza, na wale anaowauliza, wana nguvu kubwa kuliko tunavyodhani. Ukiwauliza wenye mashamba tu, utaandika sheria ya wenye mashamba. Mwaka 2015, miaka zaidi ya 50 baada ya amri ile, Kamati ya Umoja wa Mataifa inayotazama haki za wanawake ilisema kwamba wajane wawili wa Tanzania walidhulumiwa kwa kanuni hizo. Miaka zaidi ya 50! Hesabuni ni wajane wangapi walizikwa katikati ya miaka hiyo bila kusikilizwa na kamati yo yote.

Basi hapo ndipo tunapoanza kumwona daktari asiye na sindano. Kazi yake ni kuuliza vizuri. Mtasema, "Kuuliza kila mtu anajua." Sivyo, ndugu. Sisi walimu twajua kwamba kuuliza ni ufundi. Ukienda kijiji cho chote leo ukauliza, "Je, mwanamke anaruhusiwa kumiliki ardhi hapa?" wote watajibu ndiyo, kwa sababu wamesikia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Utaandika ndiyo mia moja, na utakuwa umeandika uongo mia moja. Lakini uliza hivi: "Mume wa jirani yako alipofariki, msimu uliofuata nani alililima shamba lile? Karatasi zilikuwa na jina la nani? Kesi ilikaa barazani siku ngapi? Kati ya wajumbe saba wa baraza, wale wanawake watatu waliotajwa na sheria walikuwapo siku hiyo?" Sasa utasikia mengine.

Mtu hazaliwi na ufundi huo, ndiyo maana hufundishwa. Huwa amekwisha kupata shahada ya kwanza na ya pili. Halafu hukaa miaka mitatu, mara nyingi zaidi, juu ya swali moja ambalo halijajibiwa. Huandika mpango wake na kuutetea mbele ya walimu kabla hajafika kwenu. Husoma hukumu za mahakama, majalada ya zamani na vitabu vya waliomtangulia. Hukaa vijijini na mahakamani. Mwisho huandika tasnifu, kitabu kizima, kikasomwa na watahini wa chuo chake na wa nje, naye husimama kuulizwa neno kwa neno. Akisema, "Wanakijiji wanaamini hivi," huulizwa, "Wangapi? Wapi? Umejuaje?" Asiyeweza kujibu harudishwi kijijini kwake na heshima.

Tutoe mifano miwili. Walter Rodney alikuwa mtoto wa Guyana, babu zake walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Alipata udaktari wa historia London mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24. Ili aandike juu ya pwani ya Guinea ya Juu, alijifunza Kireno na Kihispania, akasoma majalada ya wafanya biashara na wamisionari huko Ulaya. Alitumia maandishi ya wale wale walionunua watu ili aonyeshe yaliyowapata walionunuliwa. Halafu akaja Dar es Salaam kufundisha. Hiyo ndiyo sindano yake.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Tarehe 25 Oktoba, 1961, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakuzidi 15, na somo lilikuwa moja tu: sheria. Kwa nini sheria? Kwa sababu nchi inayojitawala haiwezi kuazima mahakimu na wanasheria siku zote. Chuo kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Mwaka 1982 Issa Shivji alipata udaktari wake hapo hapo, wala hakulazimika kuvuka bahari. Kitabu chake juu ya sheria na wafanya kazi wa Tanzania kilitoka mwaka 1986.

Mwaka 1991 serikali ilipounda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, mwenyekiti wake alikuwa yeye. Tume haikukaa ofisini. Ilifanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, ikawasikiliza wakulima na wafugaji, ikatoa ripoti yake mwaka 1992. Si yote iliyoyasema yaliyokubaliwa. Tume ilitaka ardhi isikae mikononi mwa dola peke yake. Sheria za 1999 zikaiacha chini ya Rais kama mdhamini. Lakini maneno ya wananchi yameandikwa, na mtu ye yote anaweza kuyasoma na kuyatetea. Serikali yaweza kukataa ushauri. Haiwezi tena kusema haikuambiwa.

Sasa tuseme matatizo, maana hatukuja kusifu tu.

La kwanza ni fedha. Ada, nauli, karatasi, na nyumbani watoto wanataka kula. Wengi wanaosomea udaktari ni walimu wadogo wa vyuo ambao mchana wanafundisha madarasa makubwa na usiku ndio wanaandika. Wengine huchoka njiani. Mwenye fedha za nje naye mara nyingi huja na swali lake mfukoni, na mwanafunzi mwenye njaa hulichukua swali hilo akaliita lake. Hatusemi kila msaada wa nje ni mtego. Twasema kwamba anayelipa mpiga zumari huchagua ngoma, na ngoma ya wajane wetu haichezwi mbali. Ndiyo sababu tunafurahi kuona Waafrika wakijipanga wenyewe. Lipo baraza la watafiti wa mambo ya jamii, CODESRIA, lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye makao Dakar, ambalo limewasaidia vijana wengi wanaoandika tasnifu. Na huko Makerere, katika taasisi ile ile iliyoanzishwa siku za Mwingereza chini ya Audrey Richards, walianzisha mwaka 2012 mafunzo yao wenyewe ya udaktari chini ya Mahmood Mamdani, ambapo mwanafunzi husoma kwanza darasani kwa bidii kabla hajatumwa kwenda kuuliza watu.

La pili ni msimamizi. Mwanafunzi wa udaktari ni kama fundi mwanagenzi. Mwanagenzi akiachwa peke yake na msumeno, atakata mbao nyingi na kidole kimoja. Msimamizi mwenye kazi kumi hana nafasi ya kusoma kurasa mia tatu. Tukiwadai wanafunzi wamalize upesi, tuwadai na wakubwa wasome upesi.

La tatu ni lugha, na hili ndilo linalotugusa sisi. Tasnifu za sheria huandikwa kwa Kiingereza. Mama alisimulia kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwao. Habari yake ikaenda maktaba kwa Kiingereza, na haikurudi. Kumbe mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu ametakiwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, je, daktari wa sheria hawezi kuandika kurasa kumi za Kiswahili kwa kijiji kilichompa shahada? Maana, tusidanganyane, shahada ile ametupa mwalimu wake nusu na sisi nusu. (Makofi.)

Basi, ndugu wanachama, twaomba mkutano ukubali mambo haya.

Mtafiti akija na barua zake zikawa za kweli, asifukuzwe. Akaribishwe, aketishwe mbele ya mkutano, aulizwe kwanza yeye: swali lako ni nini, nani amelipa, na majina yetu utayafichaje? Aandike ahadi ya kurudi na muhtasari wa Kiswahili, nasi tuiweke ahadi hiyo katika faili la kijiji. Ahadi isipotimizwa, tawi liandike barua kwa chuo chake.

Na sisi tuna wajibu wetu. Tumjibu kweli, hata kama kweli hiyo inatutia aibu. Wanawake waulizwe peke yao, wala mume asisimame mlangoni. Na mzazi mwenye binti aliyefika shahada ya pili asimwambie kwamba amesoma vya kutosha sasa aolewe. Amwulize swali lake ni lipi, kisha amsaidie kulifuata.

Mzee wetu, tumekujibu? Sindano ya daktari huyu ni swali. Kama sindano nyingine, ikichomwa na asiyejua huumiza tu. Ikichomwa na aliyefundishwa huuma, lakini huponya.

Neno la mwisho. Yule msichana tumemwandikia barua kumwomba radhi, na amejibu. Atarudi baada ya mavuno, na ameahidi kwa mkono wake kwamba atakapomaliza atakuja kutusomea alichoandika, hapa hapa chini ya mwembe. Yuko mama mmoja katika mkutano huu, hatumtaji jina, ambaye ametuambia kwamba safari hii atazungumza. Kazi yenu ni ndogo: mwacheni azungumze.

Uhuru na Kazi!