Viza ya Mwenye Laptopu na Kodi ya Chumba cha Gatina

Maelezo yaliyotayarishwa kwa ajili ya baraza la wakazi wa wadi ya Gatina, Dagoretti Kaskazini



Mada ya leo huenda ikaonekana ya mbali. Inahusu visiwa vyenye minazi, na wageni wanaofanya kazi ya London au New York wakiwa wameketi karibu na bahari. Lakini Gatina iko katika eneobunge moja na Kilimani na Kileleshwa, mitaa ambayo fleti zake nyingi sasa hukodishwa kwa usiku badala ya mwezi. Na Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba Kenya nayo itawapa kibali wafanyakazi wa aina hiyo. Kibali hicho ni cha Daraja N. Anayekipata ni lazima athibitishe kwamba mapato yake yanatoka nje ya Kenya, na haruhusiwi kuchukua ajira ya hapa nchini.

Visiwa vilitangulia. Mwaka 2020 korona ilipofunga viwanja vya ndege, Barbados ilianzisha viza ya miezi 12 kwa mtu anayetarajia kupata angalau dola 50,000 kwa mwaka. Mauritius ilifuata mwaka huohuo na viza ya mwaka mmoja isiyo na ada, kwa mtu mwenye mapato ya angalau dola 1,500 kwa mwezi. Sababu ilieleweka: hoteli zilikuwa tupu, madereva wa teksi hawakuwa na abiria, na mgeni anayekaa mwaka mzima hununua mboga sokoni na hukata nywele kwa kinyozi wa mtaani.

Hesabu ndiyo inayoleta mgogoro. Dola 1,500, kwa takriban shilingi 129 kila moja, ni shilingi 193,500 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, kilichoanza Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113 na senti kadhaa. Mgeni wa ngazi ya chini kabisa anayekubaliwa na Mauritius angekuwa na mara 12 ya kipato cha kibarua huyo. Tena mgeni huyo si tajiri kwao. Kwao huenda ni mtu wa kawaida, aliyehama kwa sababu yeye pia alishindwa na kodi ya nyumba.

Katika kisiwa, mchele ukipungua meli huleta. Nyumba haziletwi na meli. Ardhi ni ileile, na kujenga huchukua miaka. Mwenye nyumba anayepokea shilingi 30,000 kwa mwezi kutoka kwa mwalimu, akipata mgeni wa shilingi 3,000 kwa usiku, anahitaji siku kumi tu kufikia kiasi kilekile. Hata akitoa gharama ya stima, intaneti na mfuaji wa mashuka, siku zinazobaki ni faida. Hakuna wa kumlaumu kwa kupiga hesabu hiyo. Ila mwalimu anahama, na nyumba anayohamia alikuwa akiishi mtu wa kipato cha chini zaidi, naye pia anasukumwa mbele. Kupanda kwa kodi huteremka hivyo, ngazi kwa ngazi, mpaka kumfikia mtu ambaye hajawahi kumwona huyo mgeni.

Tarehe 20 Aprili 2024, makumi ya maelfu ya wakazi wa Visiwa vya Canary, vilivyo chini ya Uhispania, waliandamana. Malalamiko yao yalikuwa juu ya utalii kwa jumla, na kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa yale makubwa. Si haki kusema viza ya wenye laptopu ndiyo iliyosababisha hayo yote. Wenye viza hizo ni wachache ukilinganisha na watalii. Kinachouma zaidi ni nyumba ya kuishi kugeuzwa nyumba ya wageni, na viza inaongeza wateja wa nyumba hizo kwa muda mrefu zaidi.

Nchini Kenya, kisiwa cha kutazama ni Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini wageni kutoka Ulaya walikuwa wameanza kununua nyumba za mawe miongo kadhaa kabla ya hapo, hasa katika kijiji cha Shela. Ukweli una pande mbili. Nyumba zilizokuwa zikibomoka zilikarabatiwa, na waashi na wachongaji wa milango walipata kazi. Waliouza hawakulazimishwa na mtu. Hata hivyo, familia iliyouza haikuuza nyumba yake peke yake. Iliuza pia nafasi ya watoto wake kununua mahali walipozaliwa, kwa sababu bei ya Shela sasa inafuata mfuko wa mgeni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya kwa kukodi kwa miaka isiyozidi 99. Hilo linalinda hati ya ardhi. Halipunguzi kodi ya nyumba.

Sasa Gatina. Nairobi si kisiwa. Ilikuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, na wageni wachache wenye kibali cha Daraja N hawawezi kuyumbisha mji wa ukubwa huo. Atakayesema kodi ya chumba cha mabati imepanda kwa sababu ya Mzungu wa Kilimani atakuwa ametafuta mtu wa kulaumu. Njia yenyewe ni ndefu kuliko hapo. Fleti ya Kilimani ikianza kukodishwa kwa usiku, karani aliyekuwa akiishi humo hutafuta nyumba karibu na kazini. Anavuka James Gichuru, anafuata Gitanga Road, anafika Kawangware. Mwenye ploti ya vyumba vya mabati anaona kuna mtu wa kulipia bedsita yenye choo ndani na maji. Anabomoa, anajenga ghorofa. Ghorofa ni jambo jema, lina maji na ngazi za zege. Lakini mama anayefua nguo Lavington, au soja anayelinda geti usiku, hayuko katika hesabu ya ghorofa hiyo. Wao ndio hasa wanaohitaji kukaa mahali wanapoweza kwenda kazini kwa miguu.

Na isisahaulike kwamba wenye laptopu wapo Gatina pia. Kuna vijana wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa ng'ambo kutoka chumba kimoja, stima ikipotea kazi inasimama. Hao hawaombi viza yoyote. Wanatafuta chumba wanachoweza kukilipia.

Mpangaji ana ulinzi gani? Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inasimamia nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mwenye nyumba kama hiyo hawezi kupandisha kodi apendavyo wala kumtoa mpangaji bila kufuata utaratibu wa baraza la usuluhishi wa kodi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati, na vyumba vingi vya mtaani viko juu yake. Anayelipa zaidi, na hana mkataba wa maandishi, bado ana Sheria ya Ardhi ya 2012: anayelipa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kung'oa mlango au mabati mpangaji akiwa kazini si notisi.

Upande wa mamlaka, mpaka uko wazi. Viza na vibali hutolewa na Serikali ya Kitaifa, na kaunti haina sauti juu ya nani anapewa. Makazi na upangaji wa mji, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya kaunti. Hivyo uamuzi unafanyika Nyayo House na matokeo yake yanaonekana kwenye ploti. Kifaa kikubwa cha kaunti ni Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anayetaka kugeuza jengo lililoidhinishwa kuwa makazi ya familia liwe biashara ya kulaza wageni anapaswa kuomba idhini ya kubadilisha matumizi, na jirani anaruhusiwa kupinga kwa maandishi.

Matangazo ya maombi hayo hubandikwa mahali penyewe, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Atakayeona tangazo asilolielewa kwenye geti la jirani alipige picha, na alipeleke katika ofisi ya msimamizi wa wadi asomewe kabla muda wa kupinga haujaisha.