Mshahara wa Paka wa Ghalani



Ingia ghala la nafaka, liwe la mchele wa Doho kule Mbale au la mahindi hapa Jinja, utamkuta paka amelala juu ya magunia. Hakuwekwa pale kwa uzuri wake. Yuko kazini, na mshahara wake ni mabaki ya mukene, dagaa wetu. Viroboto anajitafutia mwenyewe.

Kiroboto wa paka hachagui. Humwuma mbwa, mbuzi, ndama, na wewe pia. Ndani yake huweza kuwamo bakteria. Bartonela hutoka na kinyesi cha kiroboto, hunasa kwenye kucha za paka, kisha mkwaruzo mmoja huiingiza mwilini: tezi zinavimba, homa inapanda. Paka mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Kisha kuna riketsia. Kule Asembo, Kenya, kando ya ziwa letu hili hili la Victoria, watafiti walikuta kwenye viroboto aina mpya, na mwaka 2016 ikapewa rasmi jina la Asembo. Ndugu yake, riketsia ya paka, imeshapatikana kwa wagonjwa wa homa magharibi mwa Kenya. Mpaka wa Busia, kati ya Kenya na Uganda, hauwazuii mbuzi, sembuse viroboto wao!

Lakini kwetu sisi, homa ni malaria tu. Kipimo kikisema hakuna, tunanunua dawa ya malaria hata hivyo. Heri umwambie daktari: nyumbani tuna paka, na viroboto wanatuuma. Riketsia hutibika kwa doksisaiklini, dawa ya siku nyingi na isiyo ghali.

Wengine humfukuza paka. Lakini mayai ya viroboto yamekwisha kudondoka vumbini, na viroboto wachanga hukaa ndani ya vifuko vyao hata miezi wakingoja mwili wenye joto. Paka akiondoka, mwili huo ni wako. Na panya hurudi na viroboto wao, wale ambao watu wa mkoa wa West Nile wanawajua kwa tauni.

Nawasihi jambo moja: msimpake paka dawa ya kupe ya ng'ombe, wala ile ya mbwa yenye permethrini. Hujilamba, akatetemeka, akafa. Mwulize daktari wa mifugo dawa ya paka, kwa uzito wake. Fagia pembe za ghala, anika magunia juani. Gharama yake, tajiri, iandike daftarini chini ya mshahara wa askari wa usiku.